Mipira ya Uzito kwa Mrushaji wa Besiboli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Warushaji huuliza kasi itapanda lini. Wazazi huuliza kama kiwiko cha mtoto kitasalimika. Makocha huuliza waanzie wapi. Maswali yote matatu yana mzizi mmoja: kasi ya mkono inaweza kupanda ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa inayobeba mkono huo huhitaji miezi kadhaa kuimarika. Majibu mengi hapa chini yanahusu pengo hilo na namna ya kulipita bila kuumia.

## Mambo ya msingi

Mipira ya uzito ni nini hasa?

Mpira rasmi wa besiboli una uzito wa wakia 5 hadi 5.25, yaani gramu 142 hadi 149. Mpira wa uzito ni mpira wa mazoezi uliotengenezwa makusudi uwe mzito au mwepesi kuliko huo. Wengi husahau upande wa wepesi, lakini mpira wa wakia 3 au 4 ni sehemu ya mazoezi haya sawasawa na ule wa wakia 7. Mizito huanzia wakia 6, na ipo inayofika wakia 32, karibu gramu 900.

Ipo ya aina mbili: yenye ngozi na mshono kama mpira wa mchezo, na ile laini iliyojazwa mchanga kwa ajili ya kurushwa ukutani. Matumizi yake hayafanani. Tazama sehemu ya Vifaa.

Inaongezaje kasi?

Wanariadha wa kurusha, hasa wa mkuki, wamefanya mazoezi kwa vifaa vizito na vyepesi kwa miongo mingi. Mpira mzito hupunguza mwendo wa mkono, na mrushaji hulazimika kuanzia nguvu miguuni, nyonga na kiwiliwili kabla mkono haujafika. Mpira mwepesi huuacha mkono uende kasi kuliko unavyoweza kwa mpira wa kawaida. Mwili unaopita kwenye hali zote mbili hujifunza kutoa nguvu kwa haraka zaidi.

Ipo sababu ya pili ambayo wauzaji hawaisemi sana. Mrushaji anapojiandaa kuachia mpira, bega lake huzunguka kwenda nje mpaka kigasha kinakaribia kulala sambamba na ardhi. Mkono ukilala nyuma zaidi, unapata njia ndefu zaidi ya kuchukulia kasi. Mazoezi ya mipira mizito yanaweza kuongeza mlalo huo. Hapo ndipo faida na hatari zinapokutana, na tutarudi kwenye jambo hili katika swali la mkono unaolala nyuma zaidi.

Je, inafanya kazi kweli?

Ndiyo, kwa wengi, na kwa kiasi cha kawaida. Mwaka 1994 Coop DeRenne na wenzake walichapisha utafiti wa wiki 10 uliohusisha warushaji wa sekondari na wa chuo waliotumia mipira ya wakia 4 hadi 6. Waliochanganya uzito waliongeza kasi kuliko waliorusha mpira wa kawaida peke yake. Angalia uzito wenyewe: tofauti na mpira rasmi ilikuwa takriban asilimia 20 tu, juu na chini.

Mwaka 2018 Michael Reinold na wenzake walichapisha utafiti wa wiki 6 kwa warushaji 38 wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Safari hii mipira ilianzia wakia 2 na kufika 32. Kundi la mipira ya uzito lilipata ongezeko la asilimia 3.3. Kwa mtu anayerusha maili 75 kwa saa, hiyo ni kama maili mbili na nusu. Ni faida halisi. Lakini wengi wa kundi lililofanya mazoezi kwa mpira wa kawaida nao waliongeza kasi, kwa sababu kijana anayefuata ratiba nzuri ya mazoezi huongezeka hata bila kifaa maalumu.

Je, ni hatari?

Inaweza kuwa, na jibu linaanzia kwenye mpira wa kawaida. Kwa mrushaji mkomavu bega huzunguka kwa ndani kwa kasi inayofika nyuzi 7,000 kwa sekunde. Kiwiko hupokea msokoto wa takriban nyuton-mita 64, huku kano ya ndani ya kiwiko, ikipimwa maabara peke yake, ikikatika kwenye takriban nusu ya kiasi hicho. Kinachoiokoa kila siku ni misuli ya kigasha inayobeba sehemu ya mzigo. Misuli ikichoka, kano hubaki na kazi isiyoiweza. Hiyo ndiyo kano iliyomkatikia mrushaji Tommy John wa timu ya Los Angeles Dodgers mwaka 1974, naye daktari Frank Jobe akamjengea nyingine kwa kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Upasuaji huo bado unaitwa kwa jina la mchezaji huyo.

Sasa turudi kwenye utafiti wa 2018. Wanne wa kundi la mipira ya uzito waliumia kiwiko, yaani asilimia 24: wawili wakati wa programu na wawili katika msimu uliofuata. Kwenye kundi la mpira wa kawaida hakuumia hata mmoja. Idadi ni ndogo na programu ilitumia mipira mizito sana kwa wavulana wadogo, kwa hiyo isichukuliwe kuwa hukumu kwa kila programu. Hata hivyo, mzazi yeyote anastahili kuambiwa takwimu hiyo kabla hajanunua seti ya kwanza.

Jambo moja huwashangaza watu: hatari haipandi sambamba na uzito wa mpira. Mpira mzito hupunguza kasi ya mkono, na mwepesi huiongeza, kwa hiyo mpira wa wakia 3 uliorushwa kwa nguvu zote si mapumziko. Hesabu mirusho yote, ya mipira mizito na myepesi, pamoja na ile ya mazoezi ya timu na ya mechi.

## Nani aanze, nani asubiri

Mwanangu ana miaka 11 na anapenda sana kurusha. Aanze?

Hapana. Katika umri huo ncha za mifupa ya kiwiko na bega bado zina gegedu laini ambapo mfupa hukua, na gegedu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazoivuta. Mtu mzima akizidisha, kano huchanika. Mtoto akizidisha, gegedu hutengana na mfupa. Ile ya upande wa ndani wa kiwiko kwa kawaida hufunga kati ya miaka 15 na 17, na ya bega huchelewa zaidi.

Mpe mtoto michezo mingine, mbio, kupanda, kuruka, na mrusho safi kwa mpira wa kawaida. Kasi yake itapanda kwa kurefuka na kukomaa tu. Simuoni kocha mwenye sababu ya kutosha ya kumharakisha.

Basi umri unaofaa ni upi?

Kwangu mimi, miaka 16 na kuendelea, na hata hapo ukomavu wa mwili hutangulia tarehe ya kuzaliwa. Kijana wa miaka 16 aliyerefuka sana mwaka huu bado anakua, na asubiri mpaka kimo kitulie. Kati ya 13 na 15 ningekataa karibu mara zote.

Nitajuaje kama mwili wangu uko tayari?

Mambo manne yawe sawa kwa pamoja. Uwe huna maumivu ya bega wala kiwiko, hata madogo, kwa miezi kadhaa iliyopita. Uwe umefanya mazoezi ya nguvu ya miguu, mgongo na mabega kwa mpango kwa muda wa kutosha. Anayeyumba akisimama kwa mguu mmoja au asiyeweza kupiga push-up kumi safi hana msingi wa kubebea mzigo huu. Mrusho wako uwe umetulia, maana mpira wa uzito huimarisha kile unachokifanya tayari, kizuri na kibaya. Na uwe umetoka kwenye wiki 4 hadi 6 za kurusha mpira wa kawaida kwa kupandisha umbali taratibu.

La nne ndilo linalorukwa zaidi. Mtu anapumzika miezi mitatu, anarudi, na siku ya kwanza anashika mpira wa wakia 8. Kano zake zimezoea mapumziko.

Nimefanyiwa upasuaji wa kiwiko au bega. Naweza kutumia?

Uamuzi huo ni wa daktari aliyekupasua na mtaalamu wako wa fiziotherapia, wala usichukuliwe kwa jibu la ukurasa huu. Baadhi yao hutumia mipira laini mizito kidogo katika hatua za mwisho za kurejea, kwa nguvu ndogo sana. Hayo ni matibabu, na programu ya kusaka kasi ni jambo jingine.

Mimi si mrushaji. Nacheza sehemu ya nje ya uwanja, au ni mdakaji anayepokea mipira ya mrushaji. Inanihusu?

Inakuhusu, na tahadhari ni zilezile. Mdakaji awe makini zaidi kwa sababu humrudishia mrushaji mpira kila mara, na mirusho hiyo hakuna anayeihesabu.

## Vifaa

Ninunue uzito gani?

Wakia 4, 5, 6 na 7. Seti hiyo inatosha kwa mwaka mzima wa kwanza, na kwa watu wengi inatosha kabisa. Mipira ya wakia 9 na 11 ina nafasi yake kwa warushaji wakomavu wenye kocha anayewaangalia. Seti kubwa huuzwa kwa pamoja, na mpira ukiwa ndani ya mfuko kishawishi cha kuujaribu hakiishi.

Mipira laini ya mchanga ina kazi gani?

Hurushwa ukutani au kwenye neti kwa mwendo mfupi uliodhibitiwa: kwa magoti, kwa kugeuza kiwiliwili, au kwa mkono unaorudi nyuma kuelekea ukuta uliopo mgongoni. Kwa kuwa haimpi mtu hamu ya kupima kasi, nguvu hubaki chini, ndiyo maana hapa hutumika uzito mkubwa zaidi. Ni vizuri kwa kupasha mwili na kufundisha mkao. Kampuni ya Driveline Baseball, iliyoanzishwa na Kyle Boddy katika jimbo la Washington, ndiyo iliyofanya mipira ya aina hii ijulikane sana miongoni mwa wataalamu na vijana.

Mpira mgumu mzito usirushwe kwa mwenzako asiye na glavu nzuri, wala kwa mdakaji asiyejua unachomrushia. Ukiwa na wasiwasi tumia neti.

Naweza kujitengenezea kwa kuloweka mpira wa zamani au kuuzungushia utepe?

Usifanye hivyo. Hutajua uzito wake, utabadilika kadiri unavyokauka, na uzito usiolala sawa pande zote huvuta vidole na kifundo upande mmoja. Mpira wa mazoezi una maana tu kama unajua ni gramu ngapi.

## Mazoezi yenyewe

Nijiandae vipi kabla ya mrusho wa kwanza?

Dakika 15 hadi 20. Anza na mwili mzima mpaka jasho lianze: kukimbia, kuruka, kuzungusha nyonga. Fuata na kamba za mpira za kuvuta kwa ajili ya misuli midogo inayolishika bega na misuli inayovuta bapa la bega nyuma. Kisha rusha mpira wa kawaida kuanzia karibu, ukirudi nyuma taratibu, mpaka mkono ujisikie mwepesi. Mipira ya uzito haitumiki kupasha mkono uliopoa, isipokuwa ile laini kwa nguvu ndogo sana.

Mara ngapi kwa wiki, na mirusho mingapi?

Mara mbili kwa wiki inatosha kwa anayeanza, kukiwa na angalau saa 48 katikati. Mara tatu ni kwa aliyekwisha kumaliza mzunguko mzima wa wiki nane bila tatizo. Kila kikao, mirusho 20 hadi 30 ya mipira ya uzito, ukipumzika kati ya mrusho na mrusho. Ukiona mkono unashuka au kiwiko kinakaa chini ya usawa wa bega, kikao kimekwisha hata kama mirusho haijatimia.

Nipe mfano wa wiki nane za kwanza.

Huu ni mfano wa mtu mzima au kijana mkomavu aliyetimiza masharti ya swali la utayari, na aliye nje ya msimu.

Wiki ya 1 na ya 2: mipira ya wakia 5 na 6 pekee, mirusho 10 ya kila mmoja, kwa nguvu ya kama asilimia 60. Unajifunza kuhisi mpira, si zaidi. Wiki ya 3 ongeza wakia 4, nguvu asilimia 70. Wiki ya 4 punguza mirusho nusu. Watu huichukia wiki hii kwa sababu wanajisikia vizuri, lakini ndiyo wiki ambayo kano hupata nafasi ya kujijenga.

Wiki ya 5 na ya 6 ingiza wakia 7, na upande hadi asilimia 80 kwenye mirusho michache ya mwisho. Wiki ya 7, siku moja ya wiki, mirusho mitano au sita ikaribie asilimia 90, kwa uzito wa wakia 4 hadi 6 tu. Wiki ya 8 shusha tena, kisha pima kasi kwa mpira wa kawaida. Maliza kila kikao kwa mirusho kadhaa ya mpira wa wakia 5, ili mkono urudi kwenye uzito wa mchezo.

Kwa nini nisirushe kwa nguvu zote tangu mwanzo? Nataka kasi.

Kwa sababu mfumo wa neva hujibu kwanza, misuli hufuata, na kano huja mwisho. Wiki ya tatu utakuwa na mkono wenye kasi mpya uliofungwa kwa kano zilezile za zamani. Ripoti ya Major League Baseball, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ya Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji ilitaja hamu ya kasi na kurusha kwa nguvu zote kila mara kuwa miongoni mwa sababu kuu zinazoshukiwa. Hao ni watu wazima wenye madaktari wao pembeni.

Kipima kasi cha rada kifichwe wiki zote isipokuwa ya kupimia. Namba ikionekana, hakuna anayebaki kwenye asilimia 70.

Nirushie kwenye kilima cha mrushaji, yaani kituta anachosimama uwanjani?

Mzunguko wa kwanza fanyia mahali tambarare. Kilima huongeza mzigo, na kubadilisha mambo mawili kwa pamoja kunakunyima kujua kipi kimekuumiza.

Na mazoezi ya kushika mpira mzito na kuzungusha mkono bila kuuachia?

Yapo, na wapo makocha wanaoyapenda kwa ajili ya misuli inayoufungia mkono breki. Tatizo ni kwamba mpira usipotoka mkononi, bega lazima liusimamishe wote. Mwache kocha anayejua sababu yake akuongoze, au yaache.

Msimu ukianza niendelee?

Acha kusaka kasi. Ukitaka, baki na mirusho michache ya mipira laini wakati wa kupasha mwili. Mzigo wa mechi unatosha. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na Major League Baseball na USA Baseball, chombo kinachosimamia besiboli Marekani, unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku kwa umri wa miaka 13 hadi 16 na 105 kwa miaka 17 na 18, pamoja na siku za mapumziko kulingana na mirusho. Unashauri pia miezi minne kwa mwaka bila kurusha kwenye mashindano, na miwili au mitatu inayofuatana kati ya hiyo bila kurusha kabisa. Miezi hiyo si ya mipira ya uzito. Mipira ya uzito huingia baada yake.

## Maumivu, mikwamo na hali zisizo za kawaida

Maumivu gani ni ya kawaida?

Uchovu wa misuli nyuma ya bega, chini ya kwapa na mgongoni, unaoanza siku inayofuata na kuisha ndani ya siku moja au mbili. Huo ni wa mazoezi.

Simama mara moja ukihisi maumivu upande wa ndani wa kiwiko, ganzi au mchonyoto kwenye kidole kidogo na cha pete, maumivu makali ndani ya bega, mlio wa ghafla, au kiwiko kisichonyooka kama jana. Vivyo hivyo kasi au shabaha ikishuka ghafla bila maelezo, hata kama hakuna kinachouma. Usimeze dawa ya kutuliza maumivu ili umalize kikao, maana unazima taarifa pekee uliyonayo. Ikiwa maumivu ya kiwiko yamebaki baada ya siku chache za kupumzika, nenda kwa daktari wa michezo. Kwa kijana anayekua nenda bila kusubiri.

Mkono wangu sasa unalala nyuma zaidi kuliko zamani. Ni jambo zuri?

Katika utafiti wa 2018 uliotajwa juu, mzunguko wa bega kwenda nje uliongezeka kwa nyuzi 4.3 ndani ya wiki 6. Sehemu ya kasi huenda inatoka hapo. Lakini bega lililofunguka haraka hivyo linahitaji misuli ya kulishika katika nafasi hiyo mpya, na ndani ya wiki 6 misuli hiyo haijapatikana. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia apime mzunguko wa mabega yote mawili kabla ya programu na kila baada ya wiki chache. Ukiona ongezeko kubwa, punguza mipira mizito na ongeza mazoezi ya nguvu ya bega.

Kasi yangu imepanda haraka. Niongeze uzito?

Huo ndio wakati wa kubaki ulipo. Sababu iko kwenye swali la nguvu zote. Kaa na kasi hiyo mwezi mmoja au miwili bila kupandisha chochote.

Nimemaliza wiki nane na kasi haijasogea.

Wapo wasioongezeka, na katika tafiti wamo hata walioshuka. Kabla ya kurudia, tazama miguu na kiwiliwili kwenye video: mguu wa mbele unapotua, je, goti linasimama imara au linaendelea kukunjika? Mwenye goti linalozama anavuja nguvu ambayo mpira wa uzito hauwezi kuirudisha. Tazama pia usingizi, chakula na uzito wa mwili. Kijana mwembamba sana mara nyingi hupata zaidi kwenye chumba cha vyuma kuliko kwenye mfuko wa mipira.

Shabaha imepotea tangu nianze.

Kwa wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Ikizidi hapo, punguza tofauti ya uzito iwe wakia moja juu na moja chini, na ongeza mirusho ya mpira wa kawaida mwishoni.

Nimekosa wiki mbili kwa ugonjwa au mitihani. Naendelea nilipoishia?

Rudi nyuma wiki mbili za programu. Ukikosa wiki nne au zaidi, anza upya, pamoja na wiki za kurusha mpira wa kawaida.

Nachezea timu mbili, na kila kocha ana programu yake ya mipira ya uzito.

Mkono wako ni mmoja. Andika mirusho yako yote kwenye daftari, wapelekee wote wawili, na waombe wachague programu moja. Ikiwa hawakubaliani, acha zote mbili mpaka wakubaliane, na mzazi aingie kwenye mazungumzo hayo kama mchezaji ni kijana. Mchezaji asiachiwe peke yake kumkatalia kocha.